JIWE LA BULUU JUU YA KABATI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni wakati chakula kiko motoni: tazama juu ya kabati lako, au pale pembeni ya radio. Kuna jiwe? Katika nyumba nyingi za watu wa mgodi liko. Baba alilileta siku moja kutoka kazini, limefungwa katika kitambaa. Mama alilipanga vizuri juu ya kitambaa cha kufuma. Wageni wakifika wanalishika na kusifu. Watoto wanajua kwamba ni jiwe la baba.

Hatuandiki leo kulaumu mapenzi hayo. Mtu anayepitisha maisha yake kupasua mwamba ana haki ya kuona uzuri wake. Lakini miongoni mwa mawe yanayopendwa kuwekwa nyumbani kuna moja, la buluu safi kama mbingu baada ya mvua, lenye kung'aa kama kioo, ambalo si jiwe la kuchezea. Ni sumu. Na uzuri wake ndio unaomvuta mtoto.

MFANO MMOJA

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa mgodi wa shaba kule Katanga anapata likizo. Kaka yake ni mvuvi wa Vitshumbi, kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kaskazini ya Goma. Hataki kwenda mikono mitupu. Anachukua jiwe lake zuri kuliko yote, la buluu, dogo kuliko kisanduku cha kiberiti, na kumpelekea kaka yake kuwa zawadi.

Kaka anafurahi. Analiweka dirishani. Wiki zinapita. Mvua ya upepo inaingia dirishani na kulilowesha. Maji ya buluu yanachuruzika ukutani mpaka kwenye beseni ambamo shemeji ameloweka samaki. Siku nyingine mtoto wa miaka mitatu anapanda kiti, analichukua jiwe na kulilamba, kwa sababu linafanana na sukari guru ya rangi.

Mfano huu tumeutunga sisi. Lakini kila hatua yake inawezekana, na hakuna hata moja iliyohitaji mtu mbaya au mtu mjinga. Ilihitaji tu watu wasioambiwa. Ndiyo sababu tunawaambia.

JIWE HILI NI NINI?

Wataalamu wa mawe wanaliita kalkantiti. Wazee wa pwani na wenye maduka ya dawa za kienyeji wanalijua kwa jina la mrututu. Ni kitu kilekile: chumvi ya shaba, yaani shaba iliyoungana na salfa na maji. Katika kila gramu 100 za jiwe hili, gramu 25 na zaidi kidogo ni shaba tupu, na gramu 36 ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi umeliona likizaliwa, pengine bila kujua. Ndani ya mwamba wa shaba, mara nyingi shaba imeshikamana na salfa. Maji yanapopenya kwenye nyufa, nayo hewa ikiwepo, mwamba huo unaoza polepole. Shaba inaingia katika maji. Maji yanatiririka kwenye kuta za njia za zamani, zile ambazo watu hawapiti tena. Yakikauka, chumvi inabaki ukutani: mara kama ukungu wa buluu, mara kama nywele, mara kama barafu inayoning'inia.

Watu wa Ziwa Edward wataelewa upesi, maana chumvi ya Katwe, ng'ambo ya Uganda, hupatikana kwa njia ya namna hiyo. Maji yanakauka kwa jua, chumvi inabaki. Tofauti ni kwamba chumvi ya Katwe inatiwa katika mboga. Hii ya buluu isiingie jikoni kamwe.

Kwa sababu ni chumvi, inayeyuka. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 300 za jiwe hili. Hapo ndipo hatari yake yote ilipo. Jiwe la kweli ukiliosha linabaki jiwe. Hili ukiliosha, sehemu yake imekwenda na maji, na hujui imeishia wapi.

TUPIGE HESABU

Turudi kwa lile jiwe la zawadi. Tuseme lina uzito wa gramu 40. Ndani yake mna shaba kiasi cha gramu 10, yaani miligramu 10,000.

Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite miligramu 2 za shaba kwa lita. Gawa 10,000 kwa 2: unapata lita 5,000. Maana yake, jiwe moja dogo likiyeyuka lote linaweza kuharibu maji ya bidoni 250 za lita 20. Mama anayechota maji anajua bidoni 250 ni kazi ya siku ngapi.

Na samaki je? Samaki ni dhaifu mbele ya shaba kuliko mtu. Shaba inaharibu mashavu yake, pale anapovutia hewa kutoka majini. Maji ambayo mtu anaweza kuyanywa bila kuona kitu yanaweza kuua samaki wachanga, hasa kama ni maji laini ya mvua. Kwa hiyo, ndugu mvuvi, kama jiwe hili liko kwako, usiseme, "Nitalitupa ziwani, yaishe." Ziwa ndilo shamba lako.

LINAFANYA NINI MWILINI?

Mwili unahitaji shaba, lakini kidogo sana, na chakula cha kawaida kinatosha. Mrututu unaleta nyingi kwa mara moja.

Kwanza unachoma mdomo, koo na tumbo. Mtu anasikia ladha ya chuma mdomoni, anatapika, na mara nyingi matapishi yana rangi ya buluu au ya kijani. Tumbo linauma sana. Anaweza kuharisha, hata damu. Baadaye, shaba ikiingia katika damu, inapasua chembe nyekundu na kuumiza ini na figo. Mkojo unakuwa mweusi au unapungua. Macho yanakuwa ya manjano. Dalili hizi za pili zinaweza kuchelewa siku moja au mbili, wakati wa nyumbani wamekwisha kusema, "Ameshapona." Msidanganyike.

Gramu chache zinatosha kumwumiza vibaya mtu. Gramu 10 mpaka 20 zimeua watu wazima. Mtoto mwenye kilo 12 anahitaji pungufu zaidi.

Machoni, unga wake unachoma na unaweza kuacha kovu. Kwenye ngozi nzima hauleti shida kubwa ukioshwa upesi. Lakini kuna desturi ya zamani ya kupaka mrututu kwenye vidonda. Juu ya kidonda kikubwa au ngozi iliyoungua, shaba inaweza kupita na kuingia mwilini. Kidonda kipeleke kwa mganga wa kituo cha afya.

Watu watauliza: kama ni sumu, mbona kinatumika? Ni kweli, kinatumika. Wakulima wanakichanganya na chokaa na kunyunyizia kahawa, nyanya na mizabibu dhidi ya ukungu, dawa iliyoanza Ufaransa, katika mizabibu ya Bordeaux, miaka ya 1880. Kimetumika kuua konokono wanaobeba kichocho. Hata katika viwanda vya kusafishia madini kinatumika ili zinki ishikamane na povu na kutengana na mchanga. Lakini tazama kazi zenyewe: kuua ukungu, kuua konokono, kazi za kiwanda. Na wanaokitumia kazini wanavaa glovu na miwani. Juu ya kabati lako nani amevaa glovu?

LITATAMBULIWAJE?

Si kila jiwe la buluu ni mrututu. Tazama haya:

1. Mrututu ni buluu ya mbingu, unaona mwanga ukipita ndani yake kama kioo. Ni mwepesi kuliko mawe mengine ya shaba. Unakwaruzika kirahisi kwa sarafu. Ukikaa mahali pakavu muda mrefu, unafunikwa na unga mweupe, kwa sababu maji ya ndani yametoka.

2. Vaa glovu, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, ulipanguse jiwe mara moja. Kitambaa kikitoka cha buluu, lihesabu kuwa mrututu. Kisha tupa kitambaa hicho, usikirudishe jikoni.

3. Usilionje kamwe. Wapo wazee wa kazi wanaojivuna kwamba wanayajua mawe kwa ulimi. Ulimi si chombo cha kupimia.

4. Usilipashe moto. Ni kweli kwamba linageuka jeupe, na ukilitia maji linarudi buluu, na watoto wa shule wanapenda kuona hivyo. Lakini hiyo ni kazi ya mwalimu darasani. Likizidishiwa moto linatoa moshi wa kukaba kifua.

Mawe mengine ya buluu yanayojulikana kwetu ni haya. Azuriti ni buluu nzito, karibu na ile ya usiku. Ni nzito mkononi, na mara nyingi inakaa pamoja na malakiti ya kijani, maana zote mbili ni shaba. Haiyeyuki katika maji. Kornetiti nayo ni ya Katanga hasa: ilijulikana kutoka mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi, na ilipewa jina la Jules Cornet, mjuzi wa miamba kutoka Ubelgiji aliyefika Katanga miaka ya 1890. Tanzaniti ya Mererani, Tanzania, iliyojulikana mwaka 1967, ni ngumu zaidi na haina shaba.

Azuriti na malakiti unaweza kuziweka nyumbani bila hofu kubwa, ila usizisage, usizikate wala kuzisugua ndani ya nyumba. Fundi anayechonga malakiti kuwa mikufu na visanduku alowanishe jiwe, afunike pua na mdomo, tena afanye kazi hiyo nje, mbali na watoto. Vumbi la jiwe likiingia kifuani halina njia rahisi ya kutoka. Na usiziweke katika siki wala maji ya ndimu. Asidi inazila, na hapo shaba inatoka.

MAWE MAWILI YA KUKATAA KABISA

La kwanza ni jiwe la buluu lenye nyuzi kama pamba au nywele: asibesto ya buluu. Ilichimbwa miaka mingi Afrika Kusini, upande wa Kuruman na Prieska. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walionyesha kwamba watu wa sehemu zile walikuwa wanapata saratani ya ngozi inayozunguka mapafu. Mama, sikiliza hapa: wagonjwa hawakuwa wachimbaji peke yao. Walikuwamo watu walioishi tu karibu na migodi, na waliokuwa watoto wakati walipovuta vumbi lile. Ugonjwa ulijitokeza miaka 20, 30, hata 40 baadaye. Jiwe la nyuzi usilichambue kwa kidole na usilipeleke nyumbani.

La pili ni lolote linalotoka Shinkolobwe. Kule ndiko ilikotoka uranium iliyotumiwa na Marekani kutengeneza bomu la atomu la mwaka 1945. Mwanzoni mwa mwaka 2004 serikali ilitoa amri ya kupafunga, na Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu waliokuwa wakichimba kwa mikono. Mawe yake yana rangi za kupendeza: manjano, kijani, machungwa, na nyeusi nzito. Migodi mingine ya shaba, kama Musonoi ya Kolwezi, imetoa pia fuwele za kijani ambamo shaba na uranium zimeungana. Mnururisho hauonekani, haunuki, hauna joto. Jiwe la namna hiyo chumbani mwa kulala linamfanyia kazi mwenye nyumba usiku kucha. Ukiwa na shaka, lipeleke kwa mkubwa wa usalama alipime kwa chombo.

MTOTO AKILILAMBA AU KULIMEZA

Mama, kata sehemu hii uibandike nyuma ya mlango.

1. Mtoe kipande kilichobaki mdomoni. Msukutue kwa maji safi, ateme.

2. Usimtapishe kwa kidole, wala kwa maji ya chumvi, wala kwa mawese. Kilichomchoma wakati wa kushuka kitamchoma tena wakati wa kupanda, na kinaweza kuingia kifuani.

3. Kama yuko macho na anameza vizuri, anaweza kunywa maji kidogo. Kama amelegea au amezimia, usimpe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu.

4. Mpeleke lopitali au kituo cha afya mara moja, hata kama anacheka. Chukua na jiwe, au kipande chake ndani ya mfuko uliofungwa, ili mganga ajue anapambana na nini.

5. Kama umeingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 mpaka 20, kope zikiwa wazi. Kisha lopitali.

Usione haya kusema jiwe lilitoka wapi. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuulizwa kazini. Kazi inapatikana tena. Mtoto hapatikani tena.

KAMA UNAPENDA KUKUSANYA MAWE

Kuna watu duniani, Ulaya, Marekani na hata Afrika, wanaokusanya mawe kama wengine wanavyokusanya stempu. Fuwele za Kongo ni mashuhuri kwao. Ukitaka kuwa mkusanyaji, fanya kama wao wanavyofanya.

Kila jiwe liwe na karatasi yake: jina, mahali lilipotoka, mwaka, na kama ni sumu neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Mrututu ukae ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, hapo haulowi wala haukauki kuwa unga. Chupa ikae katika sanduku lenye kufuli, juu ya kimo cha mtoto, mbali na jiko, maji, samaki na chumvi ya mezani. Chupa isiwe ya soda wala ya dawa ya kunywa. Shika kwa glovu, nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara.

Tena, usidanganywe kwa bei. Fuwele nzuri za mrututu zinaweza kukuzwa na mtu yeyote katika beseni, kwa unga wa dukani na maji ya moto, kwa siku chache. Nyingi zinazouzwa kama "mawe ya mgodi" hazijawahi kuona mgodi. Anayekuambia atakupa franga nyingi kwa jiwe hili anataka kitu kingine kwako, au anataka kukuuzia lake.

Na kuna sheria. Kwa Kodi ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, madini ya Kongo ni mali ya Taifa. Jiwe la mgodini si lako kwa sababu tu uliliokota. Omba ruhusa kwa mkubwa wako, upewe karatasi. Na ndugu zetu wa Vitshumbi wakumbuke kwamba wanaishi ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1925: humo kuvua kunaruhusiwa kwa utaratibu wake, kuchimba hakuruhusiwi.

UFANYE NINI KESHO ASUBUHI?

Kama jiwe la buluu liko nyumbani kwako na hujui ni lipi, usilitupe jalalani, chooni, mtoni wala ziwani. Lifunge katika mfuko wa plastiki mara mbili, liandike "SUMU", uliweke mahali pa juu pakavu. Kesho lipeleke ofisi ya usalama kazini. Uliye mbali na mgodi, lipeleke kituo cha afya na ueleze. Pale lilipokuwa limekaa, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitupe kitambaa. Beseni na masufuria yaliyokuwa chini yake yaoshwe mara nyingi. Chakula au maji yaliyopata rangi ya buluu yasitumiwe, hata kwa mifugo. Yatie ndani ya bidoni iliyoandikwa "SUMU", uulize ofisi hiyohiyo yapelekwe wapi.

Na kama uliwahi kumpa ndugu yako jiwe kama hili, mpigie simu leo. Usingoje likizo. Mwambie tu: "Kaka, lile jiwe nililokuletea, liondoe mahali watoto wanapofika. Nitakueleza." Hatakuona mbaya. Zawadi ya kwanza ulimpa kwa kutojua. Simu hii ndiyo zawadi ya pili, na ni kubwa kuliko ile.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi wa ukurasa huu hatukubali. Ajali hii ina kinga: chupa yenye mfuniko, kufuli, na neno moja lililosemwa mapema.

Unaposhuka mgodini unavaa kofia ngumu kwa sababu unajua jiwe linaweza kuanguka. Unaporudi nyumbani, usilibebe lile lililoshindwa kukuangukia ukalipandishe juu ya kichwa cha mwanao.